Maswali ya Wasomaji: Kushusha na Kupandisha Boti Mtoni

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wakazi wa Dar es Salaam wenye boti ndogo za kuvutwa na gari, ambao mwisho wa juma hushika Barabara ya Kilwa kwenda kuzishusha katika Mto Rufiji na matawi ya delta yake. Wanaloulizia ni jambo moja kwa sura mbalimbali: ule mteremko wa zege wa umma unaoingia majini unatumiwaje bila hasara na bila ugomvi? Tumechagua barua saba, na mbili za mwanzo tumezijibu kwa kirefu kwa sababu huko ndiko wengi wanakoumia.

Maji yalitukimbia

Swali: Ndugu Mshauri, salaam. Sisi ni marafiki wanne tulionunua kwa pamoja boti ya faiba yenye urefu wa mita 5 na trela lake. Jumamosi moja, siku mbili baada ya mwezi mpevu, tuliishusha saa kumi na mbili asubuhi katika mteremko wa umma ulioko kwenye delta ya Rufiji, bila shida yoyote. Tuliporudi saa tano kasorobo maji yalikuwa yamekwenda mbali, tukalazimika kurudisha trela hadi mwisho wa zege, na ghafla magurudumu yakatumbukia. Tulikwama pale zaidi ya saa mbili huku wavuvi wakitusema. Je, mteremko ule haukujengwa vibaya? — Msomaji wa Mbagala

Jibu: Ndugu yetu wa Mbagala, kabla ya kumlaumu fundi wa zege tuutazame kwanza huo mwezi mpevu ulioutaja mwenyewe. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa kila saa 24 na dakika zipatazo 50, ndiyo maana saa ya kujaa husogea mbele siku hadi siku. Siku zinazofuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo huwa ni za bamvua, ambapo maji hupanda juu sana na kushuka chini sana, na kwenye pwani ya Dar es Salaam tofauti hiyo hupita mita 3. Tena bamvua ina saa zake, ambazo wavuvi wanazijua bila kufungua jedwali: maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ndani ya delta saa hizo huchelewa kadiri unavyopanda mto. Kwa hiyo mlishusha boti maji yakiwa tayari yanatoka, mkarudi yakiwa yamekauka, na katika mchana mzima hakukuwa na saa mbaya zaidi ya kurudi kuliko hiyo.

Hesabu yake si ngumu. Mabaharia huigawa tofauti ya maji katika mafungu kumi na mawili: katika saa ya kwanza maji hushuka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, na ya sita moja. Bamvua ikiwa ya mita 3, kila fungu ni sentimita 25. Mlipokuwa mkishusha boti, saa mbili baada ya maji kujaa, mafungu matatu yalikuwa yamekwisha kwenda, yakabaki tisa, ambayo ni mita 2 na robo. Sasa tazama zege. Mteremko wa boti uliojengwa kwa vipimo vinavyokubalika hushuka kati ya mita 12 na 15 kwa kila mita 100 za urefu wake. Tuseme mita moja kwa kila mita nane. Maji yakishuka mita 2 na robo, ukingo wake hurudi nyuma mita 18. Hizo ni mita 18 za zege lenye utelezi ambazo asubuhi zilikuwa chini ya maji, na mara nyingi zege lenyewe huishia kabla ya hapo.

Huenda mtauliza kwa nini mafundi wasiufanye uwe mkali zaidi ili maji yasikimbie mbali. Mteremko ukiwa mkali, tairi za gari hukosa mshiko wakati wa kuvuta boti iliyojaa maji na mizigo. Ukilazwa mno, gari lenyewe hulazimika kuingia majini hadi ekseli kabla boti haijaelea. Kipimo nilichokitaja ni suluhu kati ya balaa hizo mbili, na sidhani kama fundi wenu alikosea.

Shimo mlilotumbukia nalo lina asili yake, na hapa lawama zipo, ila ni zetu watumiaji. Wapo wanaopandisha boti kwenye trela kwa kuiacha mashine ingurume na kuisukuma boti hadi juu, badala ya kuivuta taratibu kwa winchi, ile roda ya kukunjia kamba iliyoko mbele ya trela. Maji yanayorushwa na propela huchimba udongo pale pale zege linapoishia, na udongo huo hutua hatua chache mbele zaidi mtoni, ukajenga tuta. Baada ya muda kunakuwa na shimo la kunasa magurudumu na tuta la kupiga propela, yote mawili yametengenezwa na watu walewale wanaoyalalamikia. Mimi ningependa kuona kibao kinachokataza jambo hilo kwenye kila mteremko wa umma nchini.

Safari nyingine ya bamvua, pangeni kurudi baada ya saa nane mchana maji yakiwa yamekwisha kupanda sana, au chagueni siku za maji mafu, wakati mwezi ni nusu na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Mara ya kwanza mnapofika mahali msipopajua, nendeni maji yakiwa yamekupwa, mtembee kwa miguu hadi mwisho wa zege mkauone. Wakati wa kurudisha trela, mtu mmoja apime chini kwa pondo, yaani mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, nyuma ya magurudumu; pondo likizama ghafla, gari lisimame. Na mkifika mkakuta maji hayatoshi, tieni nanga nje ya njia, mle chakula chenu, msubiri. Maji yatarudi bila kuombwa, na wavuvi wenye mitumbwi ambayo haihitaji trela wataendelea kupita.

Wanaoshusha boti juu zaidi ya mto, kama upande wa Utete au Ikwiriri, wasiitumie hesabu hii. Kule anayeamuru si mwezi bali ni mvua, tena mvua ya mbali: Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kwa hiyo mvua iliyonyesha Mbeya au Iringa inaweza kuupandisha mto mbele yako chini ya anga jeupe. Wilaya za Rufiji na Kibiti zilikumbwa na mafuriko makubwa Aprili 2024, na kila mafuriko yanapoondoka huacha tope laini juu ya zege. Tope hilo liondolewe kwa beleshi kabla ya tairi kulikanyaga; kulipita kwa matumaini ni kulitelezesha gari mtoni.

Nani apite kwanza?

Swali: Mwanangu Mshauri, mimi ni mama mchuuzi ninayeishi Kigamboni, nanunua kambamiti kwa wavuvi wa delta na kuwaleta mjini kwa barafu. Mwisho wa juma mteremko hujaa magari ya watu waliokuja kutembea. Wanaliegesha gari katikati ya njia, wanapanga mikoba, wanapakia vinywaji, wanapiga picha, na boti za wavuvi zinasubiri nje huku barafu yangu ikiyeyuka. Nikisema naambiwa mteremko ni wa umma. Nani ana haki ya kupita kwanza? — Mama wa Kigamboni

Jibu: Shikamoo mama. Waliokuambia kwamba mteremko ni wa umma wamesema kweli, ila wameishia katikati. Kitu kikiwa cha umma, aliye juu yake anakitumia kwa muda tu kwa niaba ya anayesubiri nyuma yake, na muda huo hupimwa kwa kazi ambayo kitu hicho kilijengewa. Mteremko una kazi moja, nayo ni kuingiza chombo majini na kukitoa. Shughuli nyingine zote zina mahali pake, na mahali pake ni uwanja tambarare ulioko juu.

Naomba nilieleze jambo hili kwa kina, kwa kuwa wengi wa wanaokuudhi si watu wabaya bali ni watu ambao hawajawahi kuelekezwa. Anayefika na boti aliegeshe gari pembeni, mbali na njia ya kushukia, kisha afanye kila kinachoweza kufanyika boti ikiwa kavu. Afungue mikanda yote iliyoishikilia boti kwenye trela isipokuwa kamba ya winchi iliyoko omo, yaani mbele ya boti. Apakie maji, chakula, nanga na makasia. Aunganishe mpira wa mafuta na kubinya pampu yake ya mkono hadi iwe ngumu. Kila abiria avae jaketi okozi pale pale juu na kulifunga vizuri, kwa sababu jaketi lililowekwa chini ya kiti halijawahi kumfaa mtu aliyeteleza kwenye zege. Afunge kamba mbili ndefu, moja omo na moja tezi, yaani nyuma. Mwisho kabisa ainame nyuma ya boti atazame kile kitundu kidogo cha kutolea maji kilichoko chini ya tezi, na ahakikishe kwa kidole, si kwa macho, kwamba kizibo kimo na kimekazwa. Ukiwaona watu wameduwaa katikati ya mteremko huku mmoja wao akikomba maji kwa ndoo, aghalabu ni kizibo kilichosahaulika nyumbani.

Aliyejiandaa hivyo hahitaji zaidi ya dakika chache: gari linashuka, boti inaelea, mmoja anaishika kwa kamba na kuipeleka kando, gari linaondoka. Wakati wa kurudi mambo huenda vivyo hivyo kwa kugeuzwa. Boti ikishakaa kwenye trela na winchi ikafungwa, gari lipande mara moja hadi uwanjani, na huko ndiko mtu akafungue kizibo maji yatoke, afunge mikanda, atoe takataka na kubadili nguo. Kupiga picha si dhambi, lakini ipigwe boti ikiwa juu uwanjani au ikiwa majini. Na mteremko ukiwa na upana wa magari mawili, mtu ashike upande mmoja. Anayesimama katikati ameziba njia mbili kwa trela moja.

Sasa kuhusu nani atangulie. Kwa kawaida hutangulia aliyejiandaa kwanza, awe na boti ya starehe au ya kazi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, chombo chenye mgonjwa hakingoji zamu, na chombo chenye samaki au kambamiti kinastahili kupishwa, kwa kuwa mtu wa matembezi akichelewa anapoteza robo saa, ilhali wewe ukichelewa unapoteza mtaji. Ushauri wangu ni kwamba usibishane na dereva mmoja mmoja kila Jumamosi. Zungumza na wavuvi wako mpeleke hoja kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho wengi wanakiita BMU, na kwa serikali ya kijiji. Hao wanaweza kupanga saa za asubuhi ambazo boti za kazi zitatangulia, na kuweka kibao mahali pa kuonekana. Mgeni akikuta utaratibu umeandikwa huufuata kwa urahisi kuliko akielezwa na mtu ambaye tayari amekasirika.

Trela linajikunja

Swali: Kaka Mshauri, nimeajiriwa kuendesha gari la mwenye boti. Kwenda mbele sina shida, lakini nikirudi kinyumenyume trela linajikunja, linakwenda nisikotaka, na watu wote wa diko, pale boti zinapofikia, wananicheka. Wananielekeza watano kwa mpigo. Nifanyeje? — Dereva wa Ubungo

Jibu: Mdogo wangu, shika usukani kwa mkono mmoja sehemu ya chini kabisa, sio juu. Ukiushika hivyo, unakopeleka mkono ndiko trela litakakokwenda: mkono kushoto, trela kushoto, mkono kulia, trela kulia. Jambo la pili ni kupunguza kiasi. Trela fupi huitikia haraka, kwa hiyo zungusha kidogo, subiri uone limeanza kugeuka, kisha lifuate kwa gari. Likianza kujikunja usilazimishe. Simama, songa mbele mpaka gari na trela vinyooke, uanze tena. Madereva wazoefu husonga mbele mara nyingi tu na hakuna anayewahesabia. Kajifunze kwanza kwenye uwanja mtupu ukiwa na makopo mawili tu na trela lisilo na boti, maana mteremko wenye watu si mahali pa darasa la kwanza.

Wale watano wanaokuelekeza wote wanyamaze isipokuwa mmoja uliyemchagua mwenyewe. Huyo asimame upande wa dereva, mahali unapomwona kwenye kioo cha pembeni, na usipomwona usimame papo hapo. Asikubali mtu yeyote kukaa nyuma ya trela au kati ya trela na gari. Abiria wote washuke gari likiwa bado tambarare. Wewe mwenyewe, ukianza kushuka, teremsha vioo na ufungue mkanda, ili gari likiserereka majini uweze kutoka.

Tazama pia rangi ya zege. Sehemu ambayo maji huifunika na kuiacha kila siku huota ukoga wa kijani, na mpaka wake huonekana kama mstari uliochorwa. Juu ya mstari huo zege ni kavu na tairi hushika. Chini yake hata mtu aliyevaa raba hutembea kwa kunyata. Magurudumu ya trela yanaweza kuingia kwenye kijani, lakini magurudumu yanayovuta gari jitahidi yabaki juu yake. Miteremko mingi huchorwa mifereji ya mshazari kwenye zege ili tairi zipate mshiko, lakini mifereji hiyo ikijaa ukoga haina msaada. Ukisimama, vuta breki ya mkono, weka gia, na utingo aweke jiwe kubwa au gogo nyuma ya tairi kabla hujashuka. Gogo hilo litoke nyumbani: mikoko ya delta ni hifadhi ya msitu, na haikatwi kwa ajili ya tairi lako.

Mkondo unaigeuza boti

Swali: Mheshimiwa Mshauri, mimi hushusha boti nikiwa na mtu mmoja tu. Kila ikielea, mkondo unaibeba ubavu na kuigonga kwenye trela au kwenye boti za wengine. Kurudi ni vivyo hivyo. Kuna siri gani? — Msomaji wa Kurasini

Jibu: Siri ni kamba ya pili. Watu wengi huishika boti kwa kamba ya omo peke yake, na tezi ikibaki huru mto huigeuza unavyotaka. Msaidizi wako ashike kamba mbili, ya omo na ya tezi, akisimama upande mkondo unakotoka, na aanze kuvuta ile ya tezi kabla boti haijaachana na trela. Msiidharau nguvu ya mto kwa sababu jana mliimudu: kasi ya maji ikiongezeka maradufu, msukumo wake kwenye ubavu wa boti huwa mara nne.

Wakati wa kurudi, njoo ukitokea upande maji yanakokwenda, omo ikielekea mkondo unakotoka. Ukiupa mkondo uso, unaweza kupunguza mwendo hadi boti isimame kabisa huku usukani ukiwa bado unaitika. Ukija pamoja na mkondo, maji yanakusukuma na usukani unakuwa mzito wa kusikia. Elekeza omo juu kidogo ya trela, kwa kuwa mto utakushusha wenyewe hadi mahali pake. Mabomba mawili yaliyosimamishwa kwenye pembe za nyuma za trela husaidia sana, maana trela likiwa limezama hayo ndiyo utakayoyaona.

Kumbuka kwamba katika delta mkondo hugeuka: maji yanapojaa mto hupanda kuelekea bara, yanapokupwa hushuka kuelekea bahari. Usitegemee ulivyouacha asubuhi. Tazama boti zilizotia nanga karibu na mteremko. Omo zao zinaelekea kule mkondo unakotoka, isipokuwa upepo uwe mkali kuliko maji.

Ushuru bila risiti

Swali: Ndugu Mhariri, kijana mmoja alinitoza fedha kwenye mteremko, nikamwomba risiti akasema siku hiyo mashine imeisha chaji. Je, nilipaswa kulipa? Na boti yangu ndogo ya binafsi inahitaji vyeti gani? — Msomaji wa Temeke

Jibu: Ushuru wa kutumia mteremko unaweza kuwa halali kabisa, kwani zege na uwanja huhitaji matunzo, lakini malipo ya umma huenda na stakabadhi ya mashine au namba ya malipo ya Serikali. Mwombe kijana kwa upole kitambulisho chake na stakabadhi. Asipokuwa navyo, kalipie ofisi ya kijiji au ya kikundi kinachosimamia diko.

Kuhusu vyeti, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, lililoanza kazi mwaka 2018, ndilo linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, vidogo vikiwemo, hivyo boti yako ikakaguliwe huko. Ukitaka kuvua, hata kwa mshipi wa kujiburudisha, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inahitaji leseni. Na ukipanda mto mbali, usivuke mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019, bila kibali.

Mamba, viboko na kichocho

Swali: Mshauri, mume wangu huingia majini hadi magotini kila anaposhusha boti, naye hupenda kufika kabla jua halijachomoza. Nimesikia habari za mamba na pia za kichocho. Je, naogopa bure? — Msomaji wa Tabata

Jibu: Huogopi bure, dada. Rufiji ni mto wa mamba na viboko, na mamba huvizia zaidi mahali ambapo watu huingia majini kila siku penye mazoea yale yale. Mteremko wa boti ni mahali pa namna hiyo hasa. Mumeo aishike boti kwa kamba ndefu akiwa juu ya zege, asiisindikize kwa miguu. Samaki wasiparuliwe wala matumbo yao yasitupwe pale, kwa sababu harufu huwaita mamba hata baada ya watu kuondoka. Viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hurudi alfajiri, na kiboko anayemkuta mtu kati yake na maji hana subira. Kwa hiyo hiyo saa ya giza anayoipenda mumeo ndiyo ningemwomba aiache. Angoje mwanga utoshe kuona uso wa maji na nyayo zilizoko kando ya njia.

Kichocho hubebwa na konokono wa maji baridi yaliyotulia, na vimelea vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache bila kuuma. Kwenye midomo ya delta ambako maji yana chumvi konokono hao hawaishi, lakini juu ya mto, kwenye kona tulivu zenye majani, hatari ipo. Avae mabuti ya mpira na asikae majini bila sababu. Kama amekuwa akiingia kwa miaka, aende kupima mkojo na choo hospitali. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inatibu.

Beringi na kutu

Swali: Fundi anasema beringi za trela langu zimekufa tena, ingawa natia grisi. Mashine nayo imeanza kutu. Tatizo ni chumvi peke yake? — Msomaji wa Mbezi

Jibu: Chumvi imo, ila beringi zako huenda zinauawa na haraka. Baada ya safari ndefu kutoka Dar es Salaam kitovu cha gurudumu huwa cha moto. Ukikizamisha moja kwa moja kwenye maji, hewa iliyo ndani husinyaa ghafla na kuyavuta maji kupitia sili. Ukifika, gusa kitovu kwa mgongo wa kiganja, na usishuke mpaka kipoe. Chomoa pia waya wa taa za trela kabla ya kuingia majini, maana balbu yenye moto hupasuka kwa njia hiyo hiyo.

Ukirudi nyumbani, osha trela kwa maji ya bomba hadi chini ya springi, na uiwashe mashine ikiwa inanyweshwa maji hayo hayo kwa mpira wake wa kuoshea. Usiiwashe kavu hata kwa sekunde chache, kwani pampu yake ya maji ina mapezi ya mpira yanayoungua upesi. Kabla ya kuipeleka boti kwenye maji mengine, toa kila jani lililonasa kwenye ekseli na uache ndani ya boti kukauke kabisa: magugu maji yaliyolisumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 huweza kuota tena kutokana na kipande kidogo, na kipande hicho hukaa vizuri sana kati ya springi na fremu ya trela.